Kabla ya kununua diski ya bakapu, jua data yako inakaa wapi

Swali ninaloulizwa kuliko yote na wenye ofisi ndogo hapa Dar es Salaam ni hili: "Fundi, tununue diski ya ukubwa gani kwa ajili ya bakapu?" Nami huuliza: mahesabu yenu yako folda gani? Hapo kimya. Bosi anamtazama mhasibu, mhasibu ananionyesha ikoni ya Tally, programu yao ya mahesabu, kwenye kioo, kana kwamba data imo ndani ya ikoni.

Bakapu ina pande mbili. Kuna chanzo, yaani mafaili unayotaka yawe salama, na kuna hifadhi, yaani mahali nakala zinapokwenda kukaa. Pesa na maneno mengi huishia kwenye hifadhi. Lakini bakapu nyingi mbovu ninazokutana nazo zimeharibikia kwenye chanzo: programu inaamka kila usiku, inamaliza kazi bila kosa hata moja, na inanakili kwa uaminifu folda ambayo haina kitu cha maana.

Chukua hiyo Tally. TallyPrime ukiisakinisha kwenye kompyuta bila kubadilisha chochote, hutunza data yake kwenye C:\Users\Public\TallyPrime\data. QuickBooks, programu nyingine ya mahesabu, ile ya kompyuta (siyo ya mtandaoni), huweka mafaili ya kampuni, yale yanayoishia na .QBW, kwenye C:\Users\Public\Documents\Intuit\QuickBooks\Company Files. Liangalie vizuri hilo neno Public. Mtu akifungua programu ya bakapu akaweka tiki kwenye Documents, Desktop na Pictures, mara nyingi amechagua folda zilizo chini ya jina lake mwenyewe, tuseme C:\Users\Asha. Public iko kando ya hiyo, haimo. Siku kompyuta ikifa, barua za ofisi zitapatikana, picha za harusi zitapatikana, na vitabu vya hesabu vitakuwa vimekwenda na diski.

Barua pepe nazo zina mambo yake. Outlook ya kompyuta kwa kawaida huweka mafaili ya .PST ndani ya Documents, kwenye folda ya Outlook Files, kwa hiyo huwa inaokoka kwa bahati. Thunderbird hujificha kwenye AppData\Roaming\Thunderbird\Profiles, na AppData yenyewe Windows imeificha. Usipowasha kuonyesha folda zilizofichwa huioni kabisa.

Halafu OneDrive. Ukikubali lile dirisha linalokuomba "kulinda folda zako", Desktop na Documents huhamia ndani ya C:\Users\Asha\OneDrive, na bakapu uliyoipanga mwaka juzi inaendelea kuangalia anwani ya zamani. Zaidi ya hapo, baadhi ya mafaili yanaonekana yakiwa na alama ya wingu: jina lipo kwenye kompyuta, mwili wa faili uko kwenye seva za Microsoft. Programu ya bakapu ikilifikia faili la namna hiyo, ama italishusha kwa bando lako ama italikosa. Na kama unaona OneDrive au Google Drive peke yake inatosha, kumbuka kwamba kazi yake ni kufananisha. Ukifuta faili hapa, limefutwa na kule. Kwenye akaunti binafsi za huduma hizo mbili utalikuta kwenye pipa la taka kwa siku 30, basi.

Njia yangu ya kutafuta vyanzo haina ufundi mkubwa. Jioni, kabla ya watu kufunga kazi, fungua File Explorer, simama kwenye diski C, kisha kwenye kisanduku cha kutafutia andika datemodified:today. Subiri, itachukua muda. Itatoka orodha ya vitu vilivyoguswa siku hiyo. Vingi ni takataka za Windows yenyewe na za kivinjari, viruke. Vinavyobaki ndivyo jasho la ofisi kwa siku nzima, na kila kimoja kina anwani yake pembeni. Kwa QuickBooks kuna njia ya mkato: ukiwa ndani ya programu bonyeza F2, dirisha litakuonyesha faili la kampuni lilipo. Andika anwani hizo zote kwenye karatasi. Muulize na mhasibu, muulize na dada wa mapokezi. Huyu wa mapokezi ndiye mwenye faili la Excel la wateja ambalo bosi hajui kama lipo.

Sasa ndipo ninapofungua programu. Kwa ofisi ndogo napenda Duplicati: ni ya bure, inafanya kazi Windows na Linux, inafunga nakala kwa nenosiri kwa njia ya usimbaji iitwayo AES-256, na baada ya nakala ya kwanza hupeleka vipande vilivyobadilika tu. Ila ina tabia moja nisiyoipenda. Inakuuliza hifadhi kwanza, chanzo baadaye, na mtu akishahangaika na hifadhi anafika kwenye chanzo amechoka, anaweka tiki tatu na kusonga mbele. Ukiwa na ile karatasi mkononi, unazifuata anwani moja baada ya nyingine ndani ya ule mti wa folda mpaka ziishe.

Vya kuacha nje: folda ya Windows, Program Files, AppData\Local\Temp, na Downloads kama imejaa filamu. Usiitupe AppData yote, maana Thunderbird imo humo.

Kuna jambo moja la chanzo linalosumbua kimyakimya, nalo ni faili lililo wazi. Ofisi ikiacha QuickBooks imefunguliwa usiku, faili la .QBW limeshikwa, na programu ya bakapu ama inakataliwa kulisoma ama inalisoma huku linabadilika. Nakala ya aina hiyo inaweza isifunguke kabisa. Windows ina huduma iitwayo Volume Shadow Copy inayopiga picha ya diski kwa dakika ile, bakapu ikasoma ile picha badala ya faili lenyewe. Kwenye Duplicati mpangilio wake ni snapshot-policy. Uwashe, na programu iendeshwe kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta, la sivyo haitafanya kazi. Hata hivyo, kwa mahesabu mimi sitegemei hilo peke yake. Tally na QuickBooks zina bakapu zao za ndani. Mhasibu aifanye kila jioni kwenye folda moja, na folda hiyo nayo iingie kwenye orodha ya vyanzo.

Hifadhi, sasa. Ukijumlisha ukubwa wa folda zilizo kwenye karatasi yako, mara nyingi utashangaa jinsi zilivyo ndogo. Data ya Tally ya duka la kawaida inaweza kuwa ndogo kuliko video moja ya sherehe. Nunua diski yenye nafasi mara mbili au tatu ya jumla hiyo, kwa sababu utakuwa unatunza matoleo ya nyuma pia, na nunua kwa muuzaji anayetoa dhamana. Ukiona flashi ya terabaiti 2 kwa bei ya chakula cha mchana, iache. Zimechezewa zionyeshe ukubwa ambao hazina: zinapokea mafaili yote bila kulalamika, kisha yale ya mwisho yanakuwa majina matupu. Programu ndogo iitwayo H2testw huijaza diski yote na kuisoma tena. Fanya jaribio hilo siku ya kwanza, kabla hujaweka kitu.

Angalia pia diski imeumbizwaje, yaani imeandaliwa kwa mpango gani wa kupanga mafaili. Ikiwa ni FAT32, haitapokea faili moja linalofika gigabaiti 4, na mafaili ya .PST ya watu wasiofuta barua hupita hapo. Iumbize upya kwa NTFS. Kisha nenda Disk Management uipe herufi ya mbali, X kwa mfano. Leo Windows inaiita E, kesho mtu kachomeka flashi yake kwanza, diski imekuwa F, na bakapu inatafuta E ambayo haipo.

Na ichomolewe ikishamaliza kazi. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa havichagui. Diski iliyochomekwa ni sehemu ya kompyuta hiyohiyo. Habari ya kampuni ya meli ya Maersk inaeleza vizuri. Tarehe 27 Juni 2017 ilipigwa na NotPetya, virusi vilivyosambazwa kupitia maboresho ya programu ya uhasibu ya Ukraine iitwayo M.E.Doc. Maersk ilikuwa na seva zipatazo 150 duniani za kutunza majina na ruhusa za watumiaji wote, kila moja ikifanana na mwenzake, na hesabu yao ilikuwa kwamba moja ikifa nyingine zipo. Zikafutika karibu zote kwa pamoja. Iliyopona ilikuwa moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva haikuwa mtandaoni virusi vilipopita. Intaneti ya huko ilikuwa nyembamba mno kurusha data hiyo hadi Uingereza, wafanyakazi wa Ghana hawakuwa na viza ya Uingereza, ikabidi mmoja apande ndege na diski hadi Nigeria, amkabidhi mwenzake uwanjani, ndipo ikafika. Kampuni kubwa kiasi hicho iliokolewa na kukatika kwa umeme! Sisi tunaopata kukatika huko bila kuomba tunaweza angalau kuchomoa waya wa diski kwa makusudi.

Kwa hiyo diski mbili, zinazopishana: moja ofisini, nyingine nyumbani kwa bosi, zibadilishwe kila Ijumaa. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh ndiye aliyeieneza kanuni ya 3-2-1, yaani nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huiruka. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la OVHcloud, kampuni inayokodisha seva, huko Strasbourg, Ufaransa, na wapo wateja waliogundua asubuhi kwamba nakala zao nazo zilikuwa palepale na data halisi. Mwizi akiingia ofisini kwako hataiacha diski iliyo kwenye droo chini ya laptopu.

Wingu, yaani seva za mbali unazozifikia kwa intaneti, linafaa kwa nakala hiyo ya nje, lakini piga hesabu kwanza. Gigabaiti 200 kwa kasi ya kupandisha ya megabiti 5 kwa sekunde ni sekunde 320,000, karibu saa 89. Siku nne kasoro, na hapo nimehesabu kompyuta haizimwi na laini haiyumbi. Ndiyo maana wingu mimi hulipelekea mahesabu na nyaraka, siyo picha. Folda ya gigabaiti 5 kwa kasi hiyo inamalizika kwa saa mbili na kidogo, na baada ya hapo kila usiku ni mabadiliko tu. Usilifanye wingu pia kuwa hifadhi yako pekee. Nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu tarehe 12 Mei 2024, intaneti ya Tanzania ilisuasua kwa siku kadhaa, na aliyehitaji kurudisha mafaili kutoka ng'ambo wiki ile alisubiri. Kama unatunza taarifa za wateja au wagonjwa, soma pia masharti ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 kuhusu kupeleka taarifa nje ya nchi kabla ya kuchagua seva yako ikae nchi gani.

Muda wa kutunza nakala: chagua ule mpango wa Duplicati unaobakisha nakala moja kwa kila siku katika siku 7 zilizopita, moja kwa wiki katika wiki 4, moja kwa mwezi katika miezi 12. Unatosha kwa ofisi nyingi.

Nenosiri la kufungulia nakala liandikwe kwenye karatasi, likae mahali ambapo kompyuta haipo. Likipotea, AES-256 haitamhurumia mtu, wala fundi hana dawa.

Kisha jaribu kurudisha. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu mtandaoni, alifuta kimakosa folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo yenyewe. Walipozigeukia bakapu wakakuta ile ya kila siku haikuwa na kitu: programu ya kunakili ilikuwa ya toleo 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, ilikuwa inashindwa kila mara, na barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa na seva ya barua. Walipona kwa nakala ambayo mtu aliitoa kwa mkono saa sita hivi kabla, kwa shughuli nyingine kabisa.

Jaribio lenyewe lifanyike kwenye kompyuta tofauti, isiyowahi kuwa na data hiyo. Sakinisha Duplicati, elekeza kwenye diski au wingu, weka nenosiri la kwenye karatasi, rudisha folda ya mahesabu, na mhasibu mwenyewe aifungue. Mimi nikiona faili limerudi naweza kuridhika. Yeye ndiye anayejua kama vocha za jana zimo. Lirudieni kila programu ya hesabu inapopandishwa toleo. Tally.ERP 9 ilikuwa ikitunza data kwenye C:\Users\Public\Tally.ERP9\Data, na ofisi iliyohamia TallyPrime bila kuigusa orodha ya vyanzo inaweza kuwa mpaka leo inanakili folda ambayo hakuna mtu anayeandika humo.