Mandhari ya nishati: kwa nini maji huganda kwenye 0°C, na kwa nini wakati mwingine hugoma

Ukisimama juu ya mawe ya Capri Point hapa Mwanza unaona vilima, mabonde na ziwa. Mandhari ya nishati ni ramani ya namna hiyo, ila kila nukta yake ni mpangilio mmoja wa molekuli zote, na kimo cha nukta ni nishati ya molekuli hizo kuvutana na kusukumana. Nukta mjini unaitaja kwa namba mbili. Ya maji inadai walau namba tatu kwa kila molekuli, na chupa ya nusu lita ina molekuli kama 1.7 × 10²⁵.

Bonde ni mpangilio uliotulia. Barafu hukaa kwenye mabonde yenye kina kirefu, lakini ni machache. Maji hutangatanga kwenye mabonde ya kina kifupi, yasiyohesabika.

Wengi hukosea hapa: hudhani halijoto hubadilisha ramani. Ujazo usipobadilika, ramani ni ile ile. Kinachobadilika ni kipi kina nguvu zaidi, kina cha bonde au wingi wa mabonde. Wingi huo, pamoja na nafasi ya kutikisika ndani ya kila bonde, ndio entropi, na mizani yao ni nishati huru: F = U − TS, ambapo F ni nishati huru, U ni nishati, T ni halijoto kwa kelvini na S ni entropi. Baridi ikizidi, kina hushinda. Joto likizidi, wingi hushinda.

Tupige hesabu. Kuyeyusha gramu 18 za barafu, yaani moli moja, huhitaji jouli 6,010, na entropi hupanda kwa jouli 22 hivi kwa kelvini. Mizani husawazika pale nishati hiyo inapolingana na T mara entropi hiyo, basi gawanya 6,010 kwa 22: unapata 273 K, ambayo ni 0°C. Hizo jouli 22 maana yake ni kwamba idadi ya mipangilio huzidishwa kwa takriban 14 kwa kila molekuli. Kwa molekuli 100 tu, zao lake lina tarakimu zaidi ya 100. Ndiyo sababu badiliko ni la ghafla: molekuli zikiwa nyingi kiasi hicho, tofauti ndogo ya halijoto huamua kila kitu.

Gharama ya kupanda kutoka bondeni ndiyo inayomfaa mvuvi pale mwaloni. Kilo moja ya barafu juu ya sangara hufyonza kilojouli 334 kabla halijoto yake haijavuka 0°C.

Si kila badiliko huwa hivi. Kwenye chuma, sumaku hupotea taratibu hadi 770°C. Huko bonde la nishati huru halirukwi, bali mabonde mawili hukaribiana yakawa moja.

Lakini kati ya maji na barafu kuna kilima. Punje changa ya barafu lazima ilipie uso wake, na ikiwa ndogo mno gharama huzidi faida, ikayeyuka tena. Laza chupa ya maji safi isiyofunguliwa kwenye friza, uichungulie kuanzia saa la pili bila kuitikisa. Ikifika −5°C ikiwa bado majimaji, igonge mezani. Chembe za vumbi hupunguza kimo cha kilima, kwa hiyo maji machafu huganda mapema na jaribio huharibika. Usitumie chupa ya kioo: barafu hutanuka kwa takriban asilimia 9 na kuipasua.

Ukigonga, sindano za barafu husambaa kwa sekunde chache, kisha husimama. Ni asilimia 6 hivi tu ya maji yaliyoganda, kwa sababu joto lililotolewa limeshapandisha chupa nzima hadi 0°C, ambako kina na wingi viko sawa.