Retina haikatiki, hubanduka

Jumapili baada ya ibada nimesikia tena: "Mzee retina imekatika, basi tena." Hapana. Retina ni utando mwembamba uliotanda ndani, nyuma ya jicho, unaopokea mwanga. Ukiachana na ukuta unaoulisha, umebanduka, na sehemu hiyo huacha kuona.

Jina lenyewe limetoka kwa Kilatini, rete, yaani wavu. Waarabu nao huiita shabakiya, kutokana na shabaka, wavu vilevile. Labda ndiyo maana watu husema imekatika. Lakini Kiswahili kina bandika, bandua, banduka, na hapo ugonjwa wote umeelezwa. Tazama bango ukutani River Road msimu wa mvua. Likichanika kidogo, maji hupenya nyuma, karatasi hufura, kisha hubanduka polepole. Jichoni mara nyingi huwa hivyo: ute unaojaza jicho huivuta retina ikachanika, majimaji yakapita hapo.

Kwa hiyo kuchanika si kubanduka. Iliyochanika tu huzungushiwa leza, ukarudi nyumbani siku iyo hiyo. Iliyobanduka kwa kawaida hutaka upasuaji. Kati ya hayo mawili pengine ni siku chache, hata saa. Ghafla utaona vidoa kama masizi vikielea, mimweko gizani, kisha kivuli kama pazia kikiingia kutoka pembeni. Na haiumi hata kidogo! Mzee wetu aliambiwa na muuza dawa kwamba ni mtoto wa jicho, akauziwa matone. Aliyatia siku tisa huku pazia likisogea. Mtoto wa jicho huja taratibu, aghalabu kwa miaka, na upasuaji wake unaweza kupangiwa tarehe. Pazia halingoji: likifika katikati, pale tunaposomea, retina inaweza kurudishwa na kusoma kusirudi sawa. Ukiliona, nenda siku hiyo hiyo, iwe Kenyatta au hospitali yoyote ya macho, na uwaambie lilianza lini.

Mzee alipasuliwa Alhamisi. Yuko nyumbani, amelala kifudifudi kama alivyoagizwa, kiputo cha gesi kikiikandamiza retina mahali pake. Ndege haruhusiwi kupanda mpaka gesi iishe. Mkienda kumwona, ndugu zangu, msimwambie imekatika. Mwambieni imebandikwa.