Titi Halina Saa: Dhana Potofu Kuhusu Kunyonya na Kulala kwa Mtoto Mchanga

Mwanamke akijifungua Tanga siku hizi, analelewa na wakubwa wawili. Wa kwanza ni bibi au mama mkwe aliyekuja Makorora au Ngamiani kutoka Pangani kwa ajili ya arobaini, anayemkanda mzazi kwa maji ya moto na kumpikia uji wa pilipili manga. Wa pili ni simu, yenye kundi la kina mama na jedwali la rangi linalosema mtoto wa wiki mbili anyonye saa ngapi, alale saa ngapi, aamke saa ngapi. Wakubwa hawa hawaelewani, lakini ukiwasikiliza vizuri wanakosea mahali pamoja: wote wanataka titi lisubiri. Mmoja anataka lisubiri mpaka maziwa "masafi" yatoke, mwingine anataka lisubiri mpaka saa itimie.

"Anyonye kila baada ya saa nne, ndiyo atakuwa na ratiba"

Tuanze na la simu, maana hili huonekana la kisasa na wengi huona haya kulipinga. Si la kisasa. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Truby King wa New Zealand, mwanzilishi wa Plunket, chama cha afya ya mama na mtoto, mwaka 1907, aliwafundisha kina mama kunyonyesha kwa kuangalia saa, kila baada ya saa nne, na usiku wasinyonyeshe kabisa. Mafundisho hayo yalifika Uingereza na yakatawala malezi kwa miaka mingi. Jedwali la simu limebadilishiwa rangi tu.

Ukweli ni kwamba tumbo la mtoto siku ya kwanza hupokea takriban kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo mmoja, na maziwa ya mama husagika upesi. Ndiyo maana mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Kisha kuna jambo ambalo jedwali haliwezi kulijua: titi hutengeneza maziwa kulingana na yanayotoka. Likiachwa limejaa kwa muda mrefu, mwili hupunguza kutengeneza. Kwa hiyo mama anayemchelewesha mtoto ili "azoee ratiba" anapunguza maziwa kwa mkono wake mwenyewe, na wiki mbili baadaye ataambiwa hayamtoshi.

Ratiba iliyopo wiki za mwanzo ni ya mfuatano: ananyonya, anabadilishwa nepi, anakaa macho kidogo, analala, anaamka tena. Saa zitakuja zenyewe mwezi wa pili au wa tatu. Kwa sasa kinachoangaliwa ni mtoto. Akigeuza kichwa akitafuta, akilamba midomo, akitia ngumi mdomoni, ameshaomba. Kilio ni ombi la mwisho, na mtoto aliyekwisha kupandisha kilio hata kulishika titi humshinda.

"Maziwa bado hayajatoka, mpe glukosi"

Yametoka. Yale ya njano, mazito, ya matone machache ndiyo dang'a, na ndiyo chakula chake kamili cha siku za kwanza. Wapo wanaoyakamua wakayamwaga wakiamini yamekaa kifuani miezi tisa mpaka yakachacha. Titi si kibuyu. Maziwa hayachachi ndani yake. Dang'a imejaa kinga dhidi ya maradhi na humsaidia mtoto kutoa kile choo cheusi cha mwanzo. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto awekwe kwenye titi ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Maziwa mengi hufuata kati ya siku ya pili na ya nne.

Katika siku hizo mtoto hupungua uzito kidogo, na nyumba nzima huingiwa na hofu. Kupungua kwa asilimia 7 hivi ni kawaida. Ikikaribia 10, mnyonyo wake uchunguzwe na mhudumu. Wengi huurudisha uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili. Glukosi ikiingia hapo inajaza tumbo dogo, mtoto hanyonyi, titi haliamshwi, maziwa yanachelewa kweli, na aliyeshauri glukosi anapata ushahidi kwamba alikuwa sahihi.

Asali ni hatari zaidi. Inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulizimu, ugonjwa wa kupooza misuli, na utumbo wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hauwezi kuvidhibiti. Tahniki ni jambo la dini na la familia, sina neno nalo: tende inayopakwa kwenye kaakaa ni kidogo mno. Anayeifanya aoshe mikono kwa sabuni, na tende isibadilishwe kwa asali.

Na maji ya kunywa je, hasa wakati wa kaskazi, Januari na Februari, tunapotoka jasho hata tukiwa tumekaa? Hapana. Maziwa ya mama ni maji kwa takriban asilimia 88. Joto likizidi mtoto atanyonya mara nyingi zaidi, kwa muda mfupi mfupi, na anayepaswa kunywa maji na dafu ni mama.

"Analia jioni nzima: maziwa hayamtoshi, au ana chango"

Hapa ndipo nyumba nyingi zinapoanguka. Mtoto ana wiki tatu, mchana alikuwa mzuri. Magharibi ikiingia anaanza: ananyonya dakika tano, anaachia, analia, anataka tena, mpaka saa nne usiku. Mama akijigusa matiti anayakuta laini. Anayetoka chumba cha pili anatamka chango, anayetoka dukani ana chupa.

Kilio hiki kinafahamika. Daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alieleza mwaka 1962 jinsi kinavyokwenda: huongezeka kuanzia wiki ya pili hivi, hufika kileleni karibu na wiki ya sita, kisha hushuka, na mwezi wa tatu au wa nne wengi wamekwisha tulia. Hukithiri jioni hata kwa mtoto mwenye afya na aliyeshiba. Kunyonya mfululizo jioni nako ni kawaida, na huongeza maziwa ya siku zinazofuata. Titi laini si titi tupu. Baada ya wiki chache mwili umekwisha kujua kiasi cha kutengeneza, basi lile jiwe la siku za mwanzo halirudi.

Anayetaka kujua kama maziwa yanatosha asipime kwa kilio. Kuanzia siku ya tano hivi, mtoto anayeshiba hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku, na mkojo wake hauna rangi kali. Kipimo kingine ni mizani ya kliniki: katika miezi ya mwanzo wengi huongezeka takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Kadi ya mtoto ina mchoro wa uzito, muulizeni muuguzi aueleze. Mstari ukipanda, maziwa yapo, hata kama jirani anaapa hayapo.

Sasa ile chupa. Gripe water, dawa ya maji ya kutuliza tumbo la mtoto, ilitengenezwa Uingereza mwaka 1851 na mfamasia William Woodward, na kwa zaidi ya karne moja ilikuwa na pombe ndani yake. Usishangae basi kwamba bibi zetu waliiona inalaza watoto. Za leo nyingi hazina pombe, wala hazina ushahidi wa maana kwamba zinaondoa kilio hiki. Mara nyingi husifiwa kwa sababu zilianza kutolewa wiki ya sita, kilio kilipokuwa kinashuka chenyewe. Mizizi ya kuchemsha ya chango ni mbaya zaidi, kwani hakuna anayejua kipimo chake, na ini na figo za mtoto bado changa. Mcheulisheni, mvueni nguo mumweke kifuani ngozi kwa ngozi, mzungusheni uani au barazani kwenye upepo. Mama akichoka, baba ana mikono. "Atazoea mkono" ni maneno tu: mtoto wa mwezi mmoja hadeki, anatafuta joto la mtu.

Kuhusu supu ya pweza: kinacholeta maziwa ni mtoto kunyonya. Pweza humpa mama nguvu na ni mtamu, kwa hiyo aendelee kuletwa.

"Amegeuza usiku kuwa mchana, mpe uji mwepesi alale"

Hajageuza kitu, kwa sababu bado haujui usiku. Mtoto mchanga hulala jumla ya saa 14 hadi 17 kwa siku, ila kwa vipande vya saa moja mpaka nne. Melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba ni usiku, huanza kutengenezwa kwa mpangilio karibu na mwezi wa pili au wa tatu. Wakati huohuo prolaktini, homoni ya maziwa, kwa mama hupanda zaidi usiku. Mnyonyo wa saa nane usiku unachosha, lakini ndio unaotunza maziwa ya kesho yake.

Uji kabla ya miezi sita hauongezi usingizi. Unaongeza kuhara, na unachukua nafasi ya chakula bora kuliko wenyewe. Kinachosaidia ni kumfundisha tofauti polepole. Mchana pazia lifunguliwe, redio, cherehani na adhana zisikike, aongeleshwe. Usiku taa iwe hafifu, anyonyeshwe kimya, nepi ibadilishwe ikibidi tu. Hapa nina ugomvi mdogo na arobaini yetu. Kumpumzisha mzazi siku arobaini, apikiwe na kufuliwa, ni busara kubwa, na hakuna jedwali la simu linaloikaribia. Lakini kumfungia mtoto kwenye chumba chenye giza mchana kutwa ndiko kunakomchelewesha kuujua mchana.

Kinyume chake kuna mtoto anayesifiwa mno: "mpole, analala tu." Katika wiki za kwanza, kabla hajaurudisha uzito wa kuzaliwa, akipitisha saa tatu au nne bila kunyonya aamshwe. Akiwa hanyonyi kabisa, amelegea, viganja na nyayo zimekuwa njano, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika hata akiwa ametulia, ana joto la nyuzi 37.5 kwenda juu, amekuwa wa baridi isivyo kawaida au amepata degedege, si upole huo. Apelekwe kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya Bombo usiku huohuo, si baada ya kukandwa wala kufukizwa.

"Akilala chali atapaliwa"

Wengi humlaza kifudifudi kwa hofu ya kucheua. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaelekei mapafuni kirahisi. Marekani ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1994, na vifo vya ghafla vya usingizini vikapungua kwa karibu nusu. Alazwe chali, kwenye godoro gumu kiasi, bila mito, ndani ya neti yenye dawa. Na lile blanketi zito la manyoya, pamoja na sweta, kofia na soksi, mwezi wa Februari, Tanga? Joto kupita kiasi nalo linahusishwa na vifo hivyo. Kanga moja inatosha.

"Amebemendwa"

Mtoto akikonda, jirani ana jibu tayari: wazazi wamelala pamoja kabla ya wakati, maziwa yameharibika. Maziwa hutengenezwa na tezi za titi kutokana na damu ya mama. Manii hayana njia ya kufika huko. Mtoto hukonda kwa kukosa chakula cha kutosha, kwa kuhara, malaria, kifua kikuu au VVU, au kwa kuachishwa titi mapema kwa sababu ya mimba nyingine. Ubaya mkubwa wa dhana hii ni aibu. Mama anaogopa kuonekana mzinzi ndani ya ndoa yake mwenyewe, anamfunika mtoto, haendi kliniki, na mtoto anaendelea kukonda.

Hata hivyo waliokataza walikuwa wanalinda kitu. Mwili wa mzazi unahitaji kupona, na Shirika la Afya Duniani hushauri kusubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya mimba nyingine. Kunyonyesha kwenyewe kunasaidia: mtoto akiwa chini ya miezi sita, ananyonya titi tu, na mama hajaona siku zake, kinga dhidi ya mimba huzidi asilimia 98. Sharti ni nafasi kati ya minyonyo isizidi saa nne mchana na saa sita usiku. Anayetamani mtoto alale usiku kucha mapema, na bado ategemee njia hii, achague moja au aende kliniki apewe njia nyingine.

"Likizo ikiisha, kopo lianze"

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa angalau siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akizaa zaidi ya mmoja, na akirudi kazini ana haki ya muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Muuza samaki wa Deep Sea na mama lishe wa Mgandini hawana mwajiri wa kumdai, ila wanaweza kwenda na mtoto, na kwa upande wa kunyonya wamewazidi wa ofisini.

Wa ofisini aanze kujizoeza kukamua wiki mbili kabla. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama hadi saa nne kwenye nyuzi 25, na mchana wa Tanga mara nyingi huzidi hapo, basi yaingie kwenye jokofu, ambako hukaa mpaka siku nne, au kwenye deli lenye barafu kwa siku hiyohiyo. Anayebaki na mtoto amnyweshe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa badala ya chupa, kwa sababu chuchu ya mpira ni ngumu kuisafisha, na mtoto akiizoea anaweza kulikataa titi mama anaporudi saa kumi.