Afande, weka jiki chini

Limeletwa tena shati lenye damu linalonuka jiki. Mpelelezi anatabasamu: "Daktari, tumeshaua vijidudu vyote." Afande wangu, na vinasaba vya mshukiwa umeviua pia. Jiki haichagui. Tena inafuta wino na kula chuma. Shati la hivyo likaushwe kivulini, litiwe mfuko wa kaki, nje iandikwe kwa herufi kubwa kwamba lina damu. Basi. Mfuko wa plastiki hapana, litaota ukungu.

Otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu? Mvuke wa nyuzi 121 unapika alama za vidole pamoja na karatasi yake. Fomaldehaidi, dawa nyingine ya kuua vijidudu, inabana vinasaba visisomeke, na inakamata amino zilezile (kemikali za jasho la vidole) ambazo ninhidrini, dawa ya kufichua alama za vidole, huzitafuta ili alama ijitokeze. Nisiwachoshe.

Wanaonikera zaidi ni waliosoma kidogo: "Mionzi ya gama inaua kijidudu kwa kukatakata vinasaba vyake, kwa hiyo na vya mshukiwa vimekwisha." Vinakatika, ndiyo. Lakini fanyeni hesabu! Jenomu, yaani vinasaba vyote kwa pamoja, ya bakteria wa kimeta ina herufi za kijenetiki zaidi ya milioni 5, na anaihitaji ikiwa nzima ili azaliane. Mimi kwa mshukiwa natafuta vipande vya herufi 100 hadi 450 hivi, na seli zake zimeniachia nakala tele. Kata kamba ndefu ovyo ovyo mara kumi: kamba nzima huipati tena, lakini vipande vya urefu wa kiganja utaokota hadi uchoke. Ndiyo maana pia virusi ni wabishi zaidi mbele ya gama. Jenomu ya Ebola ni herufi 19,000 hivi, shabaha ndogo, kwa hiyo dozi inabidi ipande. Na dozi ikipanda, karatasi inageuka njano na kuvunjikavunjika. Simu usiiweke humo kabisa kama unataka kilichomo.

Halafu kuna swali ambalo hakuna anayeniuliza: je, kama kijidudu chenyewe ndicho kielelezo? Barua zenye unga wa kimeta zilizotumwa Marekani mwaka 2001 ni mfano mzuri. Ile iliyotumwa kwa Seneta Leahy ilipatikana Novemba kwenye shehena ya barua zilizozuiliwa, ikafunguliwa Desemba huko Fort Detrick, kambi ya jeshi la Marekani, ndani ya maabara yenye ulinzi, unga ukiwa hai. Ulipooteshwa, yakaonekana makundi machache ya bakteria yenye sura tofauti na wenzao, na mabadiliko ya kijenetiki yaliyokuwa nyuma ya sura hizo ndiyo yaliyotumika kufuatilia chanzo cha unga. Ungeuawa kwanza, kisingeota kitu. (Mwaka 2011 kamati ya Akademia ya Sayansi ya Marekani ilisema sayansi peke yake haikutosha kuthibitisha chanzo hicho. Waendesha mashtaka hawapendi kukumbushwa.)

Sasa lile ambalo vitabu hulipita haraka. Vinakupa jedwali la dozi kana kwamba kifo cha spora (bakteria aliyejifungia ndani ya ganda gumu) ni jambo la ndiyo au hapana. Mwaka 2015 ilibainika kwamba kituo cha jeshi la Marekani cha Dugway, Utah, kilikuwa kikituma kwenye maabara nyingine kimeta kilichopigwa gama, kikidhaniwa kimekufa, kumbe baadhi kilikuwa hai. Kilifika hadi Korea Kusini. Na hao ni watu wenye vifaa vyote! Spora zikiwa nyingi mno, chache hupona, na jaribio la kuhakikisha linaotesha sehemu ndogo tu ya sampuli. Sehemu hiyo isipoota kitu, najua nini kuhusu iliyobaki? Kusema kweli, si mengi. Nikiotesha zaidi ili niwe na uhakika, nakitafuna kielelezo chenyewe, na wakili wa utetezi atataka kujua kilikwenda wapi.

Kwa hiyo kielelezo chenye cheti cha kupigwa mionzi bado nakifungulia ndani ya kabati la usalama, glavu mbili, nikiwa nimekipiga picha na kuchukua sampuli zangu kabla hakijapelekwa kwenye mionzi.