Nusu sekunde mlangoni

Abiria hulalamika kwamba mashine imekataa kadi yao. Mara nyingi haikuikataa. Kadi iliondolewa mazungumzo yakiwa hayajaisha. Kazi yangu ni mifumo ya nauli za mabasi na treni, na karibu kila ugomvi niliowahi kuamua kazini ulihusu muda, tena muda mfupi kuliko kupepesa macho mara mbili.

Kadi janja haina betri. Ndani ya plastiki mna chipu ndogo na waya mwembamba wa antena uliozungushwa kandokando. Mashine hutoa uga wa sumaku wa megahezi 13.56. Kadi ikisogea karibu, kama sentimita 10 hivi au chini ya hapo, waya huo huzalisha umeme na chipu huamka. Ukiiondoa, inazimika papo hapo. Ikiwa ilikuwa katikati ya jambo, jambo hilo limekatika.

Na yapo mengi ya kufanya. Kwanza mashine hutambua ni kadi ngapi zilizo mbele yake, maana wengi hugusisha pochi nzima. Kisha kadi na mashine hutahiniana: kila upande humtumia mwenzake nambari ya kubahatisha, naye huirudisha ikiwa imesimbwa kwa ufunguo wa siri. Ufunguo wenyewe hausafiri hewani. Ndipo salio linasomwa, nauli inakokotolewa, salio jipya linaandikwa na geti linafunguka.

Kampuni ya reli ya JR East ya Japani, ilipokuwa ikiandaa kadi ya Suica iliyoanza kutumika 2001, ilitaka yote haya yaishe ndani ya sekunde 0.2, ili geti moja liweze kupitisha watu 60 kwa dakika. Kwenye majaribio, kilichosumbua ni mikono ya watu. Huyu aliipitisha kadi juu juu kwa haraka, yule aliisimamisha wima. Mbunifu Shunji Yamanaka aliinamisha uso wa mashine nyuzi 13.5 kuelekea kwa abiria, na watu wakaanza kuigusisha kadi vizuri bila kufundishwa. Huwasimulia kisa hiki wahandisi wanaoniomba chipu yenye kasi zaidi.

Sasa fikiria kadi imeondolewa wakati salio linaandikwa. Chipu nzuri huiweka nakala ya zamani hadi mpya ikamilike, kwa hiyo utabaki na salio la zamani au jipya, kamwe si takataka ya katikati. Lakini kuna hali mbaya zaidi: kadi imeshakatwa nauli, ila jibu la kuthibitisha halikuifikia mashine. Kadi inajua, mashine haijui. Ndiyo maana huandika "gusa tena". Ukigusa, inapaswa kuitambua kadi ile ile na muamala ule ule, ifungue bila kukata tena. Niliwahi kuandika programu iliyokata mara mbili. Mwenzangu aliigundua kwenye majaribio kwa kuichomoa kadi mapema, mara baada ya mara, adhuhuri nzima, huku akitabasamu. Sijamsamehe tabasamu lile.

Kwa nini salio likae kwenye kadi? Kwa sababu basi haliwezi kusubiri mtandao. Tangu kadi ya nauli ya Octopus ya Hong Kong mwaka 1997, kila kadi ya namna hii hubeba daftari lake lenyewe la salio, na basi hukusanya miamala na kuituma baadaye. Hapo ndipo unapotoka usumbufu ambao abiria hawauelewi: pesa ulizoongeza kwa intaneti haziingii kwenye kadi mpaka uiguse mashine iliyopokea taarifa hiyo. Na kadi uliyoripoti kuibiwa asubuhi inaweza kukubaliwa na basi ambalo bado halijapata orodha ya kadi zilizofungiwa.

Daftari likiwa mfukoni mwa abiria, lazima kufuli yake iwe imara. Chipu ya MIFARE Classic ilitegemea usimbaji uliofichwa, wenye funguo fupi, za biti 48 tu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, waliuvunja. Kampuni ya NXP, mtengenezaji wa chipu hiyo, ilikwenda mahakamani kuzuia makala yao isichapishwe, ikashindwa. Kadi ya Oyster ya London, iliyotumia chipu hiyo, baadaye ilihamia chipu yenye kufuli imara zaidi, DESFire.

London ndiyo pia iliyogeuza mpangilio. Mabasi yake yalianza kupokea kadi za benki Desemba 2012, treni zikafuata 2014, kwa sharti kwamba muamala usizidi milisekunde 500. Hapa mashine haiandiki salio lolote. Inathibitisha saini ya kidijitali, inaangalia orodha ya waliofungiwa, inakufungulia. Safari za siku hujumlishwa kwenye seva, na ukifikia kikomo cha nauli ya siku hukatwi zaidi. Kwa hiyo mwendeshaji anakukopesha safari ya kwanza, na mara chache halipwi.

Tahadhari moja kwa wanaolipa hivi: simu yako na kadi yako ya plastiki, hata za akaunti moja, kwa kawaida huonyesha nambari tofauti. Ukiingia kwa simu ukatoka kwa kadi, seva inaona watu wawili, mmoja hakutoka na mwingine hakuingia, na kila mmoja anaweza kutozwa nauli ya juu kabisa.