"Kocha, si wameshinda mechi zote?"

Desemba ikiingia tu, wazazi wa vijana ninaowafundisha futiboli ya Kimarekani hapa Ohio huanza kunivizia kwenye maegesho baada ya mazoezi. Wengi wametoka Kongo na Burundi, wamekulia kwenye soka, na swali lao kuhusu mchujo wa ubingwa wa futiboli ya vyuo ni lilelile: "Kocha, si wameshinda mechi zote? Sasa wanaachwaje?" Baba mmoja, chupa ya chai kwapani, alinihesabia vidoleni: ushindi pointi tatu, aliye juu ndiye bingwa, kwisha. Nimelijibu mara nyingi mno, safari hii naliandika.

Timu isiyofungwa inaweza kuachwa, mzee wangu, na imeachwa. Desemba 3, 2023, chuo cha Florida State walikuwa 13-0, yaani ushindi 13 bila kufungwa, na mabingwa wa konferensi yao, ACC, yaani kundi la vyuo wanaloshindania. Mchujo wakati huo ulikuwa wa timu nne. Kamati inayochagua timu za mchujo ikawaweka wa tano, nafasi ya nne ikapewa Alabama waliokuwa wamefungwa mechi moja. Hoja ilikuwa kwamba kwotabeki wa Florida State, yaani mrusha mpira anayeongoza mashambulizi, Jordan Travis, alivunjika mguu Novemba, kwa hiyo timu haikuwa ileile. Siku hiyo nilikuwa sebuleni na vijana wangu watatu. Televisheni iliwaonyesha wachezaji wa Florida State wamekaa pamoja wakisubiri. Jina la Alabama likatokea, chumba chao kikanyamaza na chetu pia. Kijana mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo walicheza bure?" Sikuwa na la kumwambia.

Vyuo vya daraja la juu ni zaidi ya 130, na kila kimoja hucheza mechi 12 tu za kawaida. Msimamo mmoja wa ligi haupo. Timu mbili zinaweza kumaliza msimu bila kukutana, wala kuwa na hata mpinzani mmoja waliyecheza naye wote. Lazima watu wakae wapime, na kamati ya watu 13 ndiyo inayopiga kura. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni kuipima timu kwa mechi ambayo bado haijaicheza. Mwaka 2014 Ohio State waliwapoteza makwotabeki wawili kwa majeraha, akaingia wa tatu, Cardale Jones. Wakawapiga Wisconsin 59-0, wakaingizwa wa nne, wakawafunga Alabama 42-35, kisha Oregon 42-20, wakabeba kombe. Na tafadhali, msiniletee zile 63-3 ambazo Florida State walifungwa na Georgia baadaye: wachezaji wao wengi walikuwa wamekwisha jitoa.

Afadhali hata Florida State walikaribia. UCF, chuo cha Central Florida, walimaliza msimu wa 2017 wakiwa 13-0, na kamati haikuwahi kuwapandisha juu ya nafasi ya 12. Mechi yao ya mwisho waliwafunga Auburn 34-27, Auburn ambao msimu huohuo waliwafunga Alabama na Georgia, timu mbili zilizocheza fainali. Ndiyo maana kila familia yenye kijana anayeitwa na vyuo naiambia jambo moja: someni ratiba Agosti. Ulizeni chuo kiko konferensi gani, na nje ya konferensi kinacheza na nani. Ratiba dhaifu haiokolewi na ushindi wa Desemba.

Mengine nayapitia haraka. NCAA, chama cha michezo ya vyuo, haitoi kombe hili. Inaandaa ubingwa wa madaraja ya chini, lakini mchujo wa daraja la juu unaendeshwa na konferensi zenyewe pamoja na Notre Dame. Kompyuta pia haziamui. Zilikuwa sehemu ya hesabu enzi za BCS, mfumo uliotangulia mchujo huu, 1998 hadi 2013. Kabla ya hapo zilitawala kura za waandishi na za makocha, na mwaka 1997 waandishi waliwachagua Michigan, makocha wakawachagua Nebraska, wote wakawa mabingwa. Na mjumbe mwenye maslahi na chuo fulani hakipigii kura chuo hicho. Hofu hiyo iacheni.

Wapo wanaosema tangu timu za mchujo ziwe 12, mambo yamenyooka. Yamepungua ubaya. Msimu wa 2024 nafasi nne za kupumzika raundi ya kwanza zilitengewa mabingwa wa konferensi, hivyo Boise State, wa 9 kwenye orodha ya kamati, na Arizona State, wa 12, wakapumzika huku waliowazidi wakicheza. Wote wanne waliopumzika walifungwa mechi yao ya kwanza. Msimu uliofuata kanuni ikabadilishwa. Lakini msimu huohuo wa 2025 Miami na Notre Dame walimaliza wote 10-2. Miami walikuwa wamewafunga Notre Dame 27-24 Agosti 31, na bado kamati ikawaweka Notre Dame juu yao wiki baada ya wiki, mpaka orodha ya mwisho ndipo ikawageuza na Notre Dame wakabaki nje. Yale matokeo ya Agosti yalikuwa mezani muda wote.