Fulana moja, haja tofauti: wafuasi wa mgombea wanatafuta nini?

Msafara wa mgombea ukitoka Mwanga kuelekea Ujiji, mjini Kigoma, kwa mbali unaona rangi moja tu. Sogea karibu. Kijana wa bodaboda anayepiga honi mbele kajaziwa mafuta, na kwake hiyo ni siku ya kazi. Mzee aliyesimama kibarazani na bakora yake anamuunga mkono mgombea kwa sababu alimfahamu babu yake. Yule mama anayepiga vigelegele kaacha dagaa wameanikwa mchangani Kibirizi. Mvua ikiwakuta, mtaji umekwenda. Anachotaka ni vichanja vya kuanikia dagaa.

Katika kutoa elimu ya mpiga kura nimejifunza kutomdharau yeyote kati yao, wala yule anayefuata chama cha baba yake, wala aliyechoshwa tu na kiongozi aliyepo. Kinachoniumiza ni kwamba mgombea husema "tutaleta maendeleo", na kila mmoja akarudi nyumbani akiamini kaahidiwa yeye.

Chukua suala la ziwa. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wazaliane. Familia nyingi zilibanwa, na si ajabu mvuvi akamfuata mgombea yeyote atakayetamka kwamba ziwa halitafungwa tena. Lakini hatua ile ilitokana na makubaliano ya nchi nne: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mbunge anaweza kuihoji serikali bungeni, akadai wavuvi washirikishwe na wasaidiwe kipato katika miezi hiyo. Ufunguo wa ziwa hana.

Vichanja je? Hapo wa kubanwa zaidi ni mgombea udiwani, maana bajeti ya halmashauri hupitishwa na Baraza la Madiwani. Na kijana anayemfuata mgombea ili apate mkopo ajue kwamba asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kisheria kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Si zawadi ya mshindi kwa watu wake. Aliyempigia mwingine ana haki ileile.

Kuhusu mafuta, kanga na posho: mabadiliko ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliwahi kuruhusu kile kilichoitwa takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura, na Mahakama Kuu ikayabatilisha mwaka 2006. Kwangu mimi hasara kubwa huonekana palepale mkutanoni. Aliyelipwa asubuhi hanyanyui mkono jioni maswali yakiruhusiwa.

Mkutano mmoja mama muuza dagaa alisimama, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili: "Mwanangu, vichanja vyetu vitaingia bajeti ya mwaka gani, na tukija kukudai tukukute wapi?" Watu wakanyamaza. Mgombea aliomba karatasi, akaandika.